Bundi wa Genge la Shuqra

Shuqra, 12 Novemba 1964

Kwa kaka yangu Suwaylim,

Salamu nyingi zikufikie huko kwenye mawe meusi mliko, wewe na baba na mama na wote wa hema letu. Sisi huku hatujambo. Shamma ameota magego na anauma kila kitu, hata sikio la mbwa. Mvua bado haijanyesha, mbuzi wawili wametupa mimba. Mume wangu Difallah anakusalimu, au niseme angekusalimu kama angejua kwamba nakuandikia. Usicheke. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika kwa kijiti mchangani tulipokuwa tunachunga, ukinipiga kofi kila nikisahau nukta, na mpaka leo hakuna mtu katika mahema haya anayejua kwamba mke wa Difallah anashika kalamu. Wangejua wangeuliza, anamwandikia nani?

Mama kifua chake kimepona? Mwambie anywe mvuke wa majani ya shihi, asiniambie tena kwamba ni chungu.

Sasa nikwambie. Miezi minane imepita tangu Hamdan, mtoto wa ami yetu, amchome kisu shemeji yangu Musallam pale kisimani kwa ajili ya zamu ya ngamia. Ninyi mlihama siku ileile, wote mnaokutana na Hamdan kwa babu wa tano, kama ada inavyotaka. Mimi nikabaki kwa kuwa nimeolewa huku. Nimebaki katika hema la marehemu, kaka. Kila asubuhi namkandia mkate mama wa mtu aliyeuawa na damu yangu. Hanitukani, na afadhali angenitukana. Kile kinu cha kahawa ulichokuwa ukikisikia toka upande wa pili wa bonde, akakipindua kinywa chini siku ya mazishi, na amesema hakitalia mpaka mwanawe alipwe. Wageni wenyewe siku hizi wanapita mbali.

Na kuna bundi. Unamkumbuka, yule mdogo wa rangi ya mchanga anayekaa kwenye ufa wa genge, asiye na pembe, mwenye macho kama makaa. Kila jua likizama anaanza: huuu, moja ndefu, kisha hu-hu, hu-hu. Zamani tulikuwa tunamwigiza. Sasa akianza, mama Musallam anaacha anachofanya. Macho yake yana ukungu lakini masikio ni ya mbweha.

"Mnamsikia mwanangu?" anasema. "Ana kiu."

Unajua wazee wanavyosema, kwamba aliyeuawa asilipwe hutokwa na ndege kichwani, na ndege huyo hulia ninywesheni, ninywesheni, mpaka anyweshwe damu. Nilikuwa nadhani ni hadithi za kutishia watoto. Niambie wewe uliyesoma. Naogopa kila magharibi.

Mwaka wa amani kati ya koo zetu mbili unaisha Juni, na mdhamini wake, mzee Zaal, ameapa utatimia. Ndipo wazee waje kuomba sulhu. Tufike tu Juni.

Dada yako,
Wadha


Mafraq, 20 Desemba 1964

Dada yangu Wadha, mama Shamma,

Waaleikum salaam. Barua yako imekaa mwezi mzima chini ya kiti cha Abu Nimr, dereva wa lori la maji. Imefika inanuka dizeli, nikakohoa kabla ya kusoma salamu. Mama kifua kimepoa, ila shihi hataki, anasema wewe ulikuwa unampikia na sumu. Baba anatembea na fimbo mpya, anaipenda kuliko alivyowahi kutupenda sisi. Ngamia mweupe amezaa.

Nchi hii ni mawe tu, meusi, yamelala kifudifudi mpaka macho yanapokoma. Hakuna genge, hakuna hata ukuta wa kuegemea upepo ukivuma. Kondoo wanachanika kwato. Wenyeji wanatuita wageni wa damu, kwa adabu, halafu wanahesabu mbuzi wao tukishapita.

Kuhusu ndege wako: nimemwuliza imamu wa hapa. Amesema Mtume mwenyewe alilikanusha jambo hilo, hakuna roho inayogeuka bundi. Bundi ni bundi, anakula panya na nge, basi. Mwambie mama mkwe wako. Au usimwambie, najua atakutazama vipi. Mimi ndege simwogopi. Wewe ndiye uliyekuwa unajificha nyuma yangu kunguru akikohoa, kwa hiyo siwezi kukushangaa.

Barua zako ziandike kwa duka la Ishaq Mcherkesi, hapa mjini. Ni mzee mnyamavu, huzitia kwenye saraka ya meza yake na hazifungui. Baba asijue. Angesema dada yako ana miguu miwili katika mahema mawili, na huwa hachelewi kumvunja mtu mmojawapo.

Difallah anasemaje? Yeye na mimi tulikuwa marafiki.

Kaka yako,
Suwaylim


Shuqra, 9 Februari 1965

Kwa kaka yangu Suwaylim,

Idi imetupita salama, na ninyi natumaini vivyo hivyo. Nilimshonea Shamma nguo nyekundu, akaitia majivuni siku hiyohiyo. Mvua imekuja mara mbili na majani yameota mpaka mlangoni. Mbuzi wananona. Ungeliona bonde lako ungelia.

Umeniuliza Difallah anasemaje. Difallah hasemi. Anakula, anaswali, anambeba Shamma begani. Jana niliona ameitandaza bunduki yake juu ya gunia, anaipaka mafuta.

"Ya nini hiyo, baba Shamma?"

"Bunduki isiyopakwa mafuta huota kutu."

"Miezi kumi na moja ilikuwa haioti?"

Akanitazama, kaka, kisha akaendelea kufuta. Sikuwa na ujasiri wa kuuliza la tatu.

Na ndege ameongezeka. Tangu mwezi uliopita anaita bila kupumzika, magharibi mpaka niwe nimelala, na mwingine anamjibu kutoka juu zaidi, sauti nyembamba. Mama Musallam alitoka nje akaketi mbele ya genge, ushungi umemwanguka, akawa anaongea nalo kama mtu anayeongea na mgonjwa dirishani. "Vumilia, mwanangu. Nimekusikia." Aliporudi ndani alisema mbele ya wanaume wote, na mimi nikiwa nyuma ya pazia na unga mikononi:

"Hamdan yuko gerezani, na hata asingekuwa gerezani simtaki. Hamdan ni kipande cha gunia. Mwanangu hakuwa gunia. Wana kijana mmoja anayestahili. Yule msomaji."

Hakuna aliyempinga. Wala Difallah.

Ni wewe, Suwaylim. Kwao halipi muuaji, analipa aliye bora. Siku zile za kukusifu mbele yao, "kaka yangu hivi, kaka yangu vile", natamani ningejing'ata ulimi.

Sikiliza sasa. Sitakwambia Difallah yuko wapi wala anakwenda lini. Usiniulize. Nimekula chumvi yake na ni baba wa mwanangu. Na wewe usiniambie unalala wapi wala unakwenda wapi. Nisichokijua hakiwezi kunitoka. Tukubaliane hivyo, kila mmoja anyamaze upande wake, labda Mungu atatuvusha.

Wadha


Mafraq, 27 Februari 1965

Dada yangu Wadha,

Salamu kwenu. Huku sote wazima, mama anakusalimu bila kujua kwamba anakusalimu: alisema jana, "Sijui Wadha anakula nini," nami nachukua hiyo kuwa salamu. Theluji ilianguka siku mbili, baba akasema ni laana ya watu wa mjini.

Nimeisoma barua yako mara moja tu, inatosha. Kwa hiyo mimi ndiye bora! Hatimaye kuna mtu amesema, na ilibidi awe mama mkwe wako. Usijali. Mimi sibabaiki. Nalala usingizi mzito, nakula mara tatu.

Ila huyo ndege, mnyamazishe. Wewe unaujua ufa ule, tulipanda pamoja tukitafuta asali. Weka jiwe mdomoni mwa shimo, au mpige fimbo akiwa amelala mchana. Akinyamaza, mama Musallam naye atanyamaza. Mwanamke mzee bila bundi ni mwanamke mzee tu.

Makubaliano yako nimeyakubali. Mwezi huu unaokuja huenda nisiandike sana, kazi ni nyingi.

Suwaylim


Shuqra, 31 Machi 1965

Kwa kaka yangu Suwaylim,

Salamu na heri. Shamma anakusalimu, nimemfundisha kusema jina lako halafu nikajuta, nikamfundisha jingine. Sote wazima. Maziwa mwaka huu ni mengi mpaka tunawapa mbwa.

Nilipanda. Ilikuwa Jumatano iliyopita, mchana, nikamwambia mama mkwe namtafuta mbuzi. Niliweka jiwe kwenye upindo wa nguo na kupanda ule ufa kwa magoti, kama zamani, ila zamani sikuwa mzito hivi. Chini ya shimo palikuwa pametapakaa vidonge vya manyoya, ndani yake mifupa ya panya na mikia ya nge. Nikainua kichwa, na yeye alikuwa pale, mkono mmoja kutoka usoni kwangu. Hakuruka. Uso wake ni mweupe, mviringo, na macho yale yalinitazama bila kupepesa. Chini yake kulikuwa na mayai matatu.

Nilishika lile jiwe mpaka vidole vikafa ganzi, nikateremka nalo. Usinitukane. Sikuweza.

Lakini sikiliza muujiza! Tangu ameyaatamia hapigi kelele. Wala mume wake haiti. Siku tatu, nne, genge kimya. Siku ya tano mama Musallam alitoka nje magharibi, akasubiri, akasubiri. Aliporudi alikuwa analia, na alikuwa anacheka.

"Amekunywa," akasema. "Mwanangu amekunywa."

Nilielewa mara moja anachofikiri. Difallah ameondoka na kondoo wa kuuza, sokoni, kwa ajili ya Idi kubwa, ana siku saba sasa. Mama yake ameyajumlisha hayo mawili. Amekiinua kinu, kaka! Amekifuta vumbi kwa ushungi wake mwenyewe, akachoma kahawa, akatwanga kwa mikono yake, tak-taka-tak, mpaka mwangwi ukarudi kutoka upande wa pili wa bonde. Watu wamekuja kutoka mahema yote. Wanaume wanamkumbatia. Kila mmoja anauliza, "Nani?" na yeye anatabasamu tu, anawajazia vikombe.

Ningeweza kusema. Ningesema, "Mama, ni mayai." Maneno matatu. Lakini alinishika kichwa, akanibusu paji la uso, mara ya kwanza tangu mwaka jana, akasema, "Sasa yamekwisha, binti yangu." Nikanyamaza. Mwache aamini. Akiamini ameshalipwa, Juni atainywa kahawa ya wazee bila ugomvi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni mimi.

Mimi najua Difallah hajamgusa mtu. Amekwenda sokoni. Najua.

Nijibu upesi, hata mstari mmoja.

Wadha


Shuqra, 14 Aprili 1965

Suwaylim,

Salamu kwa wote. Idi imepita.

Mbona kimya? Abu Nimr amekuja mara mbili mikono mitupu. Nilimwuliza kama anaingia kwa Mcherkesi, akasema anaingia, barua yangu ipo palepale kwenye saraka, hakuna aliyekuja kuichukua.

Difallah amerudi. Alikuwa amekwenda siku kumi na moja. Soko ni siku tatu kwenda na kurudi, hata ukiwa na kondoo vilema. Nimemwuliza, "Ulichelewa wapi?" akasema, "Njiani." Mama yake hakumwuliza kitu. Alimwoshea miguu. Yeye akaduwaa, akasema, "Mama, kuna nini?" Nami nikawa namtazama kama anaduwaa kweli au anaigiza.

Mkono wa kanzu yake ulikuwa na damu. Anasema alimchinjia mtu kondoo njiani. Ni msimu wa kuchinja, kila mtu ana damu nguoni, hata mimi. Nimeifua mara tatu.

Najua ni mayai. Nimeyaona kwa macho yangu. Lakini kwa nini yatagwe juma lilelile aliloondoka? Nalala karibu naye sipati usingizi, na siwezi kumwuliza, kwa sababu akijibu nitakuwa nimejua.

Andika neno moja. Andika jina lako tu.

Wadha


Mafraq, 23 Aprili 1965, Ijumaa

Dada yangu,

Sina muda wa salamu. Niko hai. Nimesimama dukani kwa Ishaq, barua zako zote mbili ziko mbele yangu, nimezisoma sasa hivi.

Nilikuwa Basra. Niliposoma kwamba mama mkwe wako amenichagua, niliogopa, Wadha. Yale yote niliyokuandikia kuhusu usingizi na chakula yalikuwa uongo mtupu. Sikulala. Kila mtu aliyeingia mjini na kilemba cha kusini nilimwona ni Difallah. Nikamwambia baba nakwenda Zarqa siku tatu, nikapanda lori la tende na kuvuka mpaka, bila kumuaga mtu mwingine. Niliona haya kusema kwamba nakimbia. Nimekaa huko wiki saba nikibeba magunia.

Nimerudi asubuhi hii. Mbele ya hema letu nilikuta watu wengi wamekaa chini. Mama ameketi, nywele zimekatwa. Aliponiona alipiga yowe akaanguka. Ilikuwa matanga yangu, Wadha. Wafanyabiashara wa kondoo walileta habari: kinu cha mama Musallam kimelia, damu imelipwa. Watu wetu wakahesabiana, na aliyekosekana ni mimi. Lisemwalo lipo, wakasema. Wakamwuliza baba, baba akasema alikwenda Zarqa siku tatu.

Hlayyil na Fraij, ndugu zake Hamdan, wameondoka juzi na bunduki, pamoja na mwenyeji mmoja wa huku. Wamesema kaka yao ndiye aliyeleta balaa hili na wao watalimaliza. Hakuna anayejua njia waliyopita. Baba ametuma mtu juu ya ngamia, lakini wao wana gari.

Mwambie Difallah asiende kisimani. Asitoke. Mwambie niko hai, mwonyeshe barua hii, potelea mbali kama watajua unaandika. Mwambie mama Musallam kuhusu mayai. Nimempa Abu Nimr saa yangu aendeshe bila kulala.

Niko hai. Ni mwandiko wangu, unaujua.

Suwaylim


Shuqra, 10 Juni 1965

Suwaylim,

Barua yako ilifika Alhamisi, siku sita baada ya kuiandika. Wao walifika Jumanne.

Upepo wa vumbi ulikuwa unavuma, kila mtu amejifunga uso. Walikuja watatu kwa miguu, wakakaa upande wa wageni kama wapitanjia. Wawili hawakufungua kinywa. Aliyesema ni yule mgeni wenu, na mama Musallam hakuona ajabu, maana tangu kinu kianze kulia wageni hawakatiki. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia napika.

"Tumesikia kinu chako tangu mbali, mama," akasema. "Hongera. Kijana gani aliyelipa?"

Hakuwahi kumwambia mtu, kaka. Wiki nne alikuwa anatabasamu tu. Lakini huyu alikuwa mgeni, na alikuwa amesema hongera.

"Mwanangu Difallah," akasema.

"Yuko wapi tumpe mkono?"

"Kisimani."

Walishukuru wakaondoka. Nilitoka kuokota vikombe, na vilikuwa vimejaa, vyote vitatu. Kahawa imepoa, hakuna aliyeionja. Mtu haachi kikombe hivyo katika hema ila ana dai na wenye hema. Nikatazama nje, nikamwona wa nyuma anavyotupa mguu wa kushoto. Hlayyil. Nikamtupia mama mkwe mtoto mapajani na kukimbia. Nilipita njia ya mbuzi, juu ya jabali, nikawapiku kidogo.

Difallah alikuwa anavuta kamba, bunduki imeegemea jiwe hatua kumi kutoka kwake. Wao walikuwa wametoka nyuma ya mawe wakati huohuo. Nikavua ushungi wangu nikautupa katikati yao, kichwa wazi, mbele ya wanaume wanne, maana kwa ada ushungi wa mwanamke husimamisha silaha. Na waliuheshimu, Suwaylim! Usije ukadhani hawakuuheshimu. Mitutu iliteremka.

"Wadha, ondoka," Hlayyil akasema.

"Nimetupa ushungi."

"Tumeuona. Basi apa. Wewe ni binti ami yetu, ni dada yake. Apa kwa Mungu kwamba mumeo hakumuua Suwaylim, nasi tutageuka sasa hivi twende zetu."

Difallah alikuwa bado ameshika kamba. Alicheka kidogo, kwa mshangao. "Suwaylim? Mwambie, mama Shamma. Mwambie mtu huyu."

Nilifungua mdomo.

Siku kumi na moja. Miezi miwili bila mstari kutoka kwako. Ile damu niliyoifua mara tatu. Nikafikiri, kama ni kweli, nami nikaapa kwa Mungu, nitakuwa nimeapa uongo juu ya kaburi la kaka yangu. Nikautazama mkono wa kanzu yake. Sikutazama kwa muda mrefu, kiasi cha mtu kumeza mate. Lakini Difallah aliyaona macho yangu yalikokwenda. Uso wake ulibadilika, na aliniita Wadha. Tangu Shamma azaliwe hakuwahi kuniita jina langu.

Hlayyil naye aliyaona.

Siku ya tatu ya matanga ya mume wangu alikuja mdhamini, mzee Zaal. Alilia kama mtoto. Alisema Difallah alikaa mlangoni kwake siku nane, alimchinjia kondoo kwa mkono wake, akimwomba sulhu ifanywe mapema kabla mama yake hajamtaja mtu mwingine. Alitaka wewe urudi, mchunge pamoja kama zamani. Alimwomba mzee asimwambie mtu, kwa kuwa mama yake angemlaani. Kila mmoja wetu alikuwa ananyamaza kwa wema wake.

Nilimwambia mama Musallam kuhusu mayai. Nilimpeleka chini ya genge, makinda yalikuwa yameanza kulia, nikamwambia, "Unasikia? Hao ndio waliomnyamazisha mama yao." Alisikiliza. Hakunipiga. Usiku na mchana tuko wawili katika hema hili, yeye na mimi, na Shamma katikati.

Uko hai na nimefurahi. Nimeiandika hapa kwa kuwa ni kweli, na hakuna mtu mwingine ninayeweza kumwambia. Siku ile Alhamisi niliubusu mwandiko wako, mume wangu akiwa na siku mbili udongoni.

Kila asubuhi nikimkandia mkate ananiuliza jambo moja. Mimi peke yangu nilikuwepo nikarudi. "Walisema nini kabla ya kumpiga? Hawakuuliza kitu?" Namwambia, "Hawakusema neno, mama." Anatikisa kichwa, anasema, "Mbwa wale," kisha anakula.

Sasa wewe unajua. Usinijibu.

Wadha